Somo letu: Kutayarisha inzi weupe wa muhogo kwa upimaji wa DNA



Somo la safari hii ni juu ya mdudu mdogo ambaye sisi wote tunamujua: inzi mweupe wa muhogo. Ukitikisa majani ya juu ya muhogo asubuhi, anaruka sawa majivu. Urefu wake ni karibu milimita moja tu. Lakini huyo ndiye anabeba mozaiki kutoka mti mgonjwa na kuipeleka kwenye mti mzima, na tena anabeba ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaoozesha muhogo ndani ya udongo wakati majani ya juu yangali mazuri.

Koperative nyingi zinatuuliza: inzi hawa wa kwetu ni wa namna gani? Wametoka wapi? Kwa kujibu, labo inasoma DNA ya mdudu. Watu wa labo wanajua kazi yao. Lakini kazi ya kwanza inafanyika shambani, na hiyo ni kazi yetu sisi. Chupa ikiharibika shambani, hakuna mashine itakayoitengeneza.

Jambo lililotupata

Tuanze na kosa letu wenyewe. Katika bonde la Ruzizi, koperative moja tunayoisindikiza ilikuwa na shamba la mbegu la muhogo, yaani shamba la kutosha miti ya kupanda kwa kuuzisha. Kando yake, mama mmoja alilima tomati. Inzi weupe wakawa wengi kwa muhogo, wakawa wengi pia kwa tomati. Wanachama wakasema tomati ndiyo inaleta inzi. Wakaenda kwa chefu wa kijiji kuomba yule mama aondoe shamba lake. Yeye akajibu: "Mimi minalisha batoto na hii tomati. Munionyeshe kwanza kama inzi yangu ndiyo inzi yenu."

Lilikuwa neno la haki. Tukasema: tutume inzi kwa labo. Tukakamata inzi wa muhogo, tukakamata na wa tomati, kwa mrija ule ule mmoja. Tukaandika majina kwa biki. Alkoli yetu ilikwisha njiani, basi chupa zingine tukajaza kanyanga. Mzee mmoja alisema: "Pombe ni pombe."

Jibu la labo lilikuwa hivi: chupa za kanyanga, DNA imevunjika, haisomeki. Majina ya biki yalifutika. Na ile chupa moja ya tomati iliyosomeka ilikuwa na inzi wa namna mbili. Je, kweli namna mbili ziliishi kwa tomati? Ao ni mrija wetu uliopeleka inzi wa muhogo ndani ya chupa ya tomati? Hakuna aliyeweza kujua. Msimu wa kupanda ukapita, na yule mama akabaki anaangaliwa vibaya kwa muda mrefu, juu ya mrija ambao sisi hatukuosha.

Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

Labo inasoma nini?

Mwili wa kila mnyama, hata wa inzi, umejengwa na seli, vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa jicho. Ndani ya seli kuna kiini, na humo DNA nyingi inalala: ni kitabu kikubwa cha mdudu; kwa inzi jike, nusu imetoka kwa baba na nusu kwa mama. Lakini ndani ya seli ile ile kuna pia vitu vidogo vinavyoitwa mitokondria. Kazi yao ni kugeuza chakula kuwa nguvu, sawa babula inavyogeuza makala kuwa moto. Mitokondria wana DNA yao wenyewe, fupi, yenye umbo la duara.

DNA ya mitokondria inapendwa na labo kwa sababu mbili.

Ya kwanza: iko nyingi. Kiini ni kimoja ndani ya seli, lakini nakala za DNA ya mitokondria ndani ya seli moja zinaweza kuwa mamia, hata maelfu. Kwa mdudu wa milimita moja, hiyo ni faida kubwa.

Ya pili: inafwata mama. Kwetu mtoto anaingia ukoo wa baba, lakini mitokondria inatoka kwa mama kwenda kwa watoto, na binti anaipeleka tena kwa watoto wake. Kwa hiyo inaonyesha vizuri ukoo wa upande wa mama.

Labo inasoma kipande kimoja cha DNA hiyo, jeni inayoitwa COI, karibu herufi 650. Inalinganisha herufi hizo na zile za inzi wengine waliokwisha kusomwa duniani. Kwa macho, hata kwa mikroskopi, inzi weupe wa kundi la Bemisia tabaci wanafanana wote. Lakini ndani ya DNA wanaachana sana. Watafiti wengi wanakubali kwamba tofauti ikipita herufi 3,5 kwa kila 100, basi hao ni namna mbali mbali. Kati ya namna zinazoishi kwa muhogo wa Afrika kuna ile inayoitwa SSA1 na nyingine inayoitwa SSA2. Miaka ya 1990, wakati mozaiki kali ilipoharibu muhogo wa Uganda na kuendelea kusambaa katika inchi za jirani, inzi weupe walionekana kwa wingi kuliko zamani. Tangu wakati huo watafiti wanafwata namna za inzi kwa karibu.

Juu ya nini usafi ni lazima?

DNA ya inzi mmoja ni kidogo sana. Kabla ya kuisoma, labo inaizidisha kwa mashine inayofanya PCR. Kila mzunguko, mashine inafanya nakala: 1 inakuwa 2, 2 inakuwa 4, 4 inakuwa 8. Kisha mizunguko 10, nakala zimepita 1.000. Kisha mizunguko 30, kama yote imeenda vizuri, zimepita miliari moja.

Sasa fikiri. Kama ndani ya chupa yako kumeingia mguu mmoja wa inzi wa shamba lingine, mashine haitauliza huo mguu ni wa nani. Itauzidisha nao pia. Uchafu ambao jicho halioni, mashine inaugeuza kuwa jibu. Na jibu hilo linaweza kumufukuza mama kwa shamba lake bila kosa.

Vitu vya kutayarisha mbele ya kwenda shambani

1. Vichupa vidogo vya plastiki vyenye kifuniko cha kufunga kwa nguvu, vipya, vilivyotoka labo. Chupa ya dawa iliyooshwa hapana.

2. Alkoli safi (etanoli) ya 95 ao 96 kwa mia. Kanyanga na lotoko zina maji mengi, na maji ndiyo yanaacha DNA ivunjike. Alkoli ya farmasi ya 70 ni dhaifu kwa kazi hii. Ukikosa ingine kabisa, andika kwamba umetumia hiyo na peleka chupa haraka. Spiriti ya kuwashia moto hapana. Formoli hapana kabisa: inatunza umbo la mdudu lakini inafunga DNA yake.

3. Mirija ya kufyonzea: kipande cha mpira mwangavu chenye kitambaa chepesi kilichofungwa katikati, ili inzi wasifike kinywani. Tayarisha mrija mmoja kwa kila shamba. Hiyo ndiyo njia ya kweli ya kuepuka mchanganyiko.

4. Karatasi nzito, kreyo ya kawaida (kalamu ya risasi), kaye ya koperative, na sashe za plastiki.

5. Javeli, maji safi, na ndoo mbili.

Tahadhari: alkoli inawaka moto upesi. Isikaribie babula wala sigara, na isiachwe mahali watoto wanafika.

Hatua za kazi shambani

*Hatua ya 1. Chagua saa.* Nenda asubuhi mapema, umande ukianza kukauka lakini jua halijakuwa kali. Saa hiyo inzi ni wazito, hawaruki sana. Usiingie katika shamba lililopigwa dawa karibuni, juu ya mrija unapita kinywani mwako.

*Hatua ya 2. Hesabu kwanza.* Pita shamba kwa njia mbili zinazokatana, kutoka pembe moja hadi pembe ya ngambo. Kwa kila njia chagua mimea 15, yote pamoja 30. Kwa kila mmea, pindua polepole majani 5 ya juu na uhesabu inzi wakubwa walio chini yake. Andika hesabu ndani ya kaye. Andika pia kama mmea una mozaiki: 1 kama ni mzima, mpaka 5 kama umeharibika kabisa. DNA bila hesabu hii ni nusu ya habari.

*Hatua ya 3. Fyonza inzi.* Kamata inzi wakubwa 20 hivi, kutoka mimea mingi ya shamba. Usikamate wote kwa mmea mmoja, maana wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na utakuwa umepima jamaa moja tu.

*Hatua ya 4. Tia ndani ya alkoli.* Gonga mrija juu ya kichupa mpaka inzi waanguke ndani ya alkoli. Wote wazame. Shamba moja, kichupa kimoja. Usichanganye mashamba mawili hata kama ni ya baba mmoja na yanagusana. Na kama ndani ya shamba moja kuna muhogo na viazi vitamu, fanya vichupa viwili.

*Hatua ya 5. Kamata na watoto wa inzi.* Inzi mkubwa ana mabawa. Anaweza kuwa mgeni aliyepita tu. Lakini watoto wake wamenata chini ya jani, hawatembei mbali. Ukiwaona kwa muhogo, ujue inzi huyo amezaa hapo hapo. Kata kipande cha jani chenye watoto, ukitie ndani ya kichupa cha pekee. Acha wale walioisha kuwa weusi: mara nyingi ndani yao kuna nyigu mdogo anayewala, na labo inaweza kusoma DNA ya nyigu ikifikiri inasoma ya inzi. Huyo nyigu ni rafiki yetu, tumwache afanye kazi yake.

*Hatua ya 6. Andika.* Andika kwa kreyo juu ya kipande cha karatasi na uitie NDANI ya kichupa, pamoja na inzi. Wino wa biki unayeyuka ndani ya alkoli, kreyo haiyeyuki. Andika namba, tarehe, kijiji na jina la mmea. Mambo mengine yaingie ndani ya kaye kwa namba ile ile: jina la mwenye shamba, aina ya muhogo, miezi ya muhogo, mashamba ya jirani yana nini, na vipimo vya mahali kama telefone inavionyesha.

*Hatua ya 7. Fanya kichupa kitupu.* Hatua hii watu wanaicheka, lakini ndiyo inalinda zingine zote. Kwa kila siku ya kazi, kamata kichupa kimoja chenye alkoli. Kifungue shambani, chukua mrija uliotayarishwa sawa ile mingine, ufyonze hewa tu, uugonge juu ya kichupa, kisha ufunge. Kipe namba sawa vichupa vingine. Labo ikikuta DNA ya inzi ndani yake, tutajua kuna uchafu katika kazi yetu. Isipokuta kitu, tutakuwa na sababu ya kuaminia majibu mengine.

Kuosha mirija

Hapa kuna kosa ambalo hata mafundi wanafanya. Watu wanaosha mrija kwa alkoli na kusema: uko safi. Hapana! Alkoli inaua vidudu, lakini DNA haiiharibu; kinyume chake inaitunza. Si ndiyo sababu tunatia inzi ndani yake? Kinachoharibu DNA ni javeli.

Tia kipimo 1 cha javeli ya duka na vipimo 9 vya maji ndani ya ndoo ya kwanza. Tosha kitambaa cha zamani, ukitupe. Zamisha mrija kwa dakika 10. Kisha suuza vizuri kwa maji safi ndani ya ndoo ya pili, ukaushe, utie kitambaa kipya. Usisahau kusuuza, maana javeli ikibaki itaharibu pia DNA ya inzi wapya. Na usichanganye javeli na asidi wala dawa ingine ya kusafishia: inatoa moshi wa sumu.

Kutunza na kusafirisha

Weka vichupa mahali pa baridi na giza. Frigo ni nzuri. Kama haiko, chumba chenye kivuli mbali na bati kinatosha kwa muda mfupi. Gari lililosimama juani hapana. Angalia kila kifuniko: alkoli ikikauka, inzi wanakauka nayo.

Kwa safari, funga vichupa ndani ya sashe yenye kitambaa cha kunywa maji, sashe ndani ya kopo gumu, kopo ndani ya kartoni. Mwambie mtu wa moto ao wa basi kwamba ndani kuna alkoli. Kwa ndege, uliza kampuni kwanza. Kupeleka vichupa nje ya inchi kunaomba kibali cha serikali. Hiyo si kazi ya koperative, ni ya labo na watumishi wa serikali.

Kama inzi ni wengi, gawanya: kichupa kimoja kiende, cha pili kibaki koperative. Na mbele ya kutoa vichupa, uliza mambo matatu mbele ya mashahidi: majibu yatarudi siku gani, yatarudi kwa nani, na yataelezwa kwa lugha gani? Yaandikwe ndani ya kaye. Inzi ni wadogo, lakini habari zao ni za wenye shamba.

Upimaji huu hausemi nini?

Tusidanganyane. Kuna mambo mawili ambayo DNA ya mitokondria ya inzi haiwezi kukuambia.

Kwanza, haisemi kama muhogo wako uko na ugonjwa. Kwa hiyo labo inaomba majani, na kazi yake ni ingine. Kwa mozaiki, kata majani machanga ya juu yenye alama. Kwa michirizi ya kahawia, kata majani yaliyokomaa ya chini, maana ndiyo yanaonyesha madoa ya manjano vizuri zaidi. Yakaushe katikati ya karatasi za gazeti, ukibadilisha karatasi kila siku, kila shamba pekee.

Pili, inaonyesha ukoo wa mama peke yake. Kama namna mbili za inzi zimezaliana, upande wa baba umefichika. Watafiti waliposoma DNA ya kiini ya inzi wa muhogo wa Afrika, waliona makundi ambayo mitokondria peke yake haikuyaonyesha vizuri. Kwa hiyo jibu la COI ni shahidi mwema, lakini ni shahidi mmoja.

Mwisho wa ile shauri

Tulirudia kazi msimu uliofwata, mirija mipya, kreyo, alkoli ya 96, kichupa kitupu. Yule mama mwenyewe alishika kaye na kuandika namba. Kichupa kitupu kilirudi bila kitu. Inzi wa tomati walikuwa namna moja, na inzi wa muhogo namna ingine. Watoto wa inzi waliotoka chini ya majani ya muhogo walikuwa wa ile namna ya muhogo. Jibu hilo ni la mashamba yale mawili kwa msimu ule. Mahali pengine linaweza kuwa lingine, maana inzi wa muhogo wanaweza kuishi pia kwa mimea mingine.

Wanachama wakaangalia upande wa pili wa shamba lao. Huko kulikuwa muhogo wa zamani wa koperative yenyewe, wenye mozaiki, ambao hakuna aliyeung'oa kwa miaka miwili. Waliung'oa ndani ya siku tatu. Sasa wanang'oa kila mmea mgonjwa mapema, wanachagua miti ya kupanda kutoka mimea mizima tu, na shamba jipya la mbegu wameliweka mbali na muhogo mzee. Prezida wa koperative alikwenda kwa yule mama siku ya posho, pamoja na wazee wawili, kuomba musamaha.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Juu ya nini tunatumia kreyo na si biki?
2. Mtu anaosha mrija kwa alkoli tu. Atapata hasara gani?
3. Kichupa kitupu kikirudi na DNA ya inzi, tutafanya nini na majibu ya vichupa vingine vya siku ile?
4. Katika koperative yetu, nani atatunza kaye, na nani atatunza vichupa vilivyobaki?
5. Kuna shamba gani la zamani, letu wenyewe, ambalo tungepaswa kuliangalia mbele ya kumulaumu jirani?